Mke wa Bwana Rudisha

Wanaume wengine wakistaafu hulima vitunguu. Wengine hufuga njiwa. Emlyn Beynon wa Rhydaman, mji mdogo wa makaa kwetu Wales, alistaafu akaanza kurudisha chakula jikoni.

Kazi yake ya zamani ilikuwa ukaguzi wa mizani. Halmashauri ilimpa begi la ngozi lenye mawe ya kupimia, naye akazunguka nalo madukani na masokoni akihakikisha kwamba ratili ya muuza nyama ni ratili kweli. Wachinjaji walimwogopa. Kuna muuza makaa mmoja ambaye akimwona Emlyn anakata kona tu, alikuwa anatupia makaa zaidi guniani papo hapo. Sasa mtu aliyezoea kuogopwa namna hiyo, ukimnyang'anya begi lake na kumkabidhi keki na saa ya ukutani, ataogopwa na nani tena? Paka? Hata paka wa nyumba ile hakumwogopa. Alilala juu ya kofia yake. Ndipo Emlyn alipozigeukia baa za Cardiff, mji mkuu.

Lakini Emlyn anajisemea mwenyewe vya kutosha. Tumseme mkewe, Ceinwen.

Ceinwen alikuwa mvusha watoto pale njia panda ya shule. Koti refu la njano, kofia ya bapa, mkononi fimbo yenye duara juu. Akiingia katikati ya barabara na kunyoosha ule mkono wake, malori ya makaa yalisimama yakitweta kama ng'ombe waliotoka mtoni. Madereva walimwita Jemadari. Ulikuwa huwezi kumpigia honi Ceinwen. Alikuwa anakuja mpaka dirishani kukuuliza kama mama yako anajua ulivyo na haraka. Mvua ikanyesha, barafu ikaganda, upepo ukashuka mlimani na kukata watu masikio, na watoto wakavuka wote.

Huyo ndiye mwanamke ambaye akikaa na mumewe mbele ya sahani ya pai alikuwa hawezi kusema hata "ah".

Kila mwaka, wakati wa mechi kubwa ya raga, Emlyn na Ceinwen walipanda treni kwenda Cardiff kukaa siku tatu. Tiketi ya uwanjani Emlyn hakuwahi kununua. Alisema mechi inaonekana vizuri zaidi baa, ambako mtu anakaa, anakunywa, anakula chakula cha kizamani cha nchi yake. Akishasema hivyo alifunga tai, tai kabisa, ya mtu anayekwenda kula matonge ya maini na njegere.

Kwenye baa zile hakuna mhudumu wa kukufuata mezani. Mnaingia, mnatafuta meza, mmoja anakaa kuilinda, mwenzake anakwenda kaunta, anataja namba iliyogongwa kwenye kona ya meza, analipa, anarudi na vinywaji. Chakula kinaletwa baadaye kwa namba hiyo. Sasa kisia nani alikuwa analinda na nani alikuwa anakwenda. "Mwanamume hulinda," alisema Emlyn, na kuketi, na kutandaza koti lake kwenye kiti cha pili na kofia yake mezani, mikono kaipanua kama mtu anayekamata kuku. Ceinwen alijipenyeza katikati ya mabega ya wanaume, akasubiri, akasukumwa, akamwagiwa bia begani, akaagiza, akabeba glasi mbili juu ya vichwa vya watu mpaka mezani. Maisha yao yote ya ndoa Emlyn hakuwahi kusimama mbele ya kaunta. Hakujua hata inasimamiwaje.

Kisha chakula kinafika, na sinema inaanza.

Kwanza Emlyn alikula. Usidhani alirudisha sahani nzima, la, huyo angekuwa mjinga, naye mjinga hakuwa. Alikula upesi mpaka nusu, wakati mwingine nusu na ziada. Halafu aliweka uma chini, akajifuta mdomo, akavuta pumzi kwa pua, akainua kidole.

"Binti. Njoo hapa, mwanangu. Hili mnaliita rojo?"

"Ndiyo, mzee. Rojo la nyama."

"Nyama imepita karibu na sufuria hii saa ngapi? Maana naona kivuli chake tu."

Na watu wa meza za jirani walicheka, na Emlyn akanyooka mgongo, na lile begi la ngozi likamrudia begani japo halikuwepo. Rojo jepesi. Kifuniko cha pai kimeinuka kwa hewa tupu. Chipsi zimekaangwa mara moja badala ya mara mbili. Aliita msimamizi. Alitaka mpishi. Alieleza alikuwa nani zamani. Mwisho walimletea sahani nyingine ili anyamaze, na ile nyingine aliila yote, kwa hiyo kila siku mtu huyu alikuwa anakula chakula kimoja na nusu na kuiita hiyo haki.

Nyumbani, kwa taarifa yako, alikuwa anakula chochote. Ceinwen akiunguza, anakula. Akisahau chumvi, anakula. Mkaguzi wa viazi vya wenzake!

Haya yote Ceinwen angeyameza. Kitu ambacho hakikushuka kooni ni kwamba Emlyn alirudisha na sahani yake pia. "Na ya mke wangu. Kama yangu mbovu, yake itakuwaje nzuri? Zimetoka sufuria moja." Na binti anaichukua, na Ceinwen yuko na uma hewani, kipande cha nne au cha tano ndicho kwanza kinaanza kumpa raha. Ile inayoletwa baadaye haikuwa ya kuliwa: kwanza mpishi ameikasirikia, pili meza zote zinakutazama, tatu Emlyn bado anahutubia na anataka uitikie. Chakula kilipoa akiwa anaitikia. Katika safari zote zile za Cardiff, Ceinwen Beynon hakuwahi kumaliza sahani moja ya moto.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa arobaini wa ndoa yao, na Jumamosi ya mechi iliangukia siku yenyewe ya harusi. Ceinwen alikuwa na haja moja. Siku waliyooana walikwenda Cardiff vilevile, wakala pai kwenye baa kuukuu iitwayo Mkono wa Fundi, nyuma ya soko. Emlyn wakati huo alikuwa kijana wa masikio makubwa asiye na begi lolote. Alikula pai yake yote, akapangusa sahani kwa kidole, akalamba. Ceinwen alitaka kukaa pale tena siku kama ile, ale pai ile mpaka mwisho, ikiwa ya moto. Basi. Hakuomba pete.

Alimwambia mumewe kwenye treni.

"Emlyn, kesho nataka pai ya Mkono wa Fundi."

"Utapata."

"Nataka niimalize."

"Ikiwa nzuri utaimaliza."

"Hata ikiwa mbaya."

Emlyn alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mizani ikidanganya iachwe idanganye. "Ceinwen, Ceinwen. Watu kama wewe ndio wanaofanya nchi hii ilishwe uchafu. Mimi nakutetea, halafu wewe huoni."

"Nitetee siku nyingine."

"Kutetea hakuna likizo," alisema, akafungua gazeti.

Ijumaa mchana walikula Kondoo Watatu, baa yenye dari fupi na picha za farasi waliokufa zamani. Matonge ya maini yaliletwa yakifuka moshi. Emlyn alimaliza moja na nusu kati ya mawili, akainua kidole. Binti aliyekuja alikuwa mgeni kazini, bado ana alama ya kalamu shavuni, na Emlyn alipomuuliza kama ini lile ni la mnyama au la mlevi, midomo ikaanza kumtetemeka. Ceinwen alitazama juu, akahesabu farasi. Sahani yake ilipochukuliwa alisema taratibu, "Yangu ilikuwa nzuri, mwanangu," na Emlyn akasema, "Usimdanganye mtoto wa watu, atajifunzaje?"

Ijumaa jioni ikawa Nanga ya Shaba, kule karibu na gati za zamani. Hapo Emlyn alikutana na msimamizi mwenye shingo kama gogo.

"Mzee, hiyo pai umekula robo tatu."

"Nilikuwa naichunguza."

"Umeichunguza mpaka kwenye ukoko?"

"Kijana, mimi nimefunga maduka makubwa kuliko hili kibanda chako."

"Basi na mimi leo nafunga mlango. Ukiwa nje. Mama, samahani, wewe unaweza kumalizia chakula chako."

Hebu fikiria. Nafasi ya kumaliza sahani ilikuwa wazi, kihalali kabisa, kwa idhini ya mwenye nyumba. Ceinwen alitazama sahani yake, alimtazama mumewe amesimama anavaa glavu kwa hasira kidole baada ya kidole, na akainuka akamfuata. Mke wa mtu hamalizii chipsi mume akiwa amefukuzwa. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na waliomlea hawakuwahi kuolewa na Emlyn. Kwenye nyumba ya wageni alikula biskuti mbili zilizokuwa kwenye sinia la chai. Emlyn alikuwa ameshiba, alikoroma.

Jumamosi asubuhi mji ulikuwa umejaa Waskoti, wapinzani wetu wa mechi. Wamevaa zile sketi zao za miraba, magoti mekundu kwa baridi, wanaimba barabarani kama watu waliopewa shahada ya kuimba vibaya. Emlyn na Ceinwen walifika Mkono wa Fundi kabla mlango haujafunguliwa, kwa sababu siku ya mechi asiyewahi anatazama migongo ya watu. Walipata meza namba kumi na nne, chini ya televisheni kubwa, mahali pazuri mno. Emlyn akaketi. Koti kitini, kofia mezani, mikono kaipanua.

"Nenda basi," alisema. "Mimi pai, na bia nyeusi. Na waambie rojo liwe zito. Waambie nipo."

Kufika kaunta ilikuwa vita. Baa ilikuwa imejaa mpaka mtu ukitaka kupiga chafya unaomba nafasi. Mwenye baa mwenyewe alikuwa nyuma ya kaunta, mwanamke mpana aitwaye Tegwen, hereni zake kubwa kama vishikio vya mlango, anamimina glasi tatu kwa wakati mmoja na kutukana watu wanne.

"Haya, mamangu, sema upesi, jiko linafungwa mechi ikianza. Na foleni unaiona. Nini?"

"Bia nyeusi glasi kubwa. Na nusu ya bia na soda ya limau. Na pai..."

Tegwen alikuwa anamtazama mtu nyuma ya bega la Ceinwen, kule chini ya televisheni. Akaacha kumimina.

"Ngoja. Yule mwenye tai. Siye Bwana Rudisha yule?"

"Nani?"

"Bwana Rudisha! Delyth, njoo uone, Bwana Rudisha amekuja!" Msichana wa glasi alichungulia, akashika mdomo. "Mtaa mzima tunamjua, kipenzi. Nanga ya Shaba wamenipigia simu jana, wakaniambia kaa chonjo, anakuja kwako. Mwaka jana alinirudishia pai iliyobaki ukoko kama kucha. Nilimpa nyingine ili niokoe mechi yangu." Kisha macho yake yakamrudia Ceinwen, yakateremka kwenye glasi zile mbili alizoagiza, na sauti ikalainika. "Oh. Na wewe ndiye mke wake. Maskini."

Ukitaka kumwona Jemadari wa Rhydaman akichomwa moyo, ndipo hapo. Tusi angelivumilia, matusi ya madereva alikuwa ameyasikia mpaka yakamchosha. Lakini huruma! Msichana wa glasi naye alikuwa amekunja uso kwa huruma, na mzee mmoja asiyemjua, mwenye bia mkononi, alimsogezea nafasi kwa huruma. Kumbe miaka yote aliyokuwa anahesabu farasi ukutani, watu hawakuwa wanamtazama Emlyn peke yake. Walikuwa wanamtazama yeye, na kutikisa kichwa, na kumwita maskini. Jina la Emlyn mjini lilikuwa Bwana Rudisha, na lake yeye halikuwepo kabisa. Alikuwa mke wa Bwana Rudisha, kitu kinachobeba glasi.

"Kwa hiyo pai mbili," alisema Tegwen, kalamu tayari. "Meza namba ngapi, mama?"

Ceinwen aligeuka. Emlyn alikuwa pale, kapanua mikono, anawakodolea macho Waskoti wawili waliokuwa wanazunguka meza ile kama fisi. Haondoki pale, hata nyumba ikiungua. Akiinuka tu, kiti kimekwenda. Ceinwen alikuwa ameliona jambo hilo kila mwaka na hakuwahi kuliona.

"Una nafasi mahali pengine?" aliuliza. "Ya mtu mmoja."

Tegwen alimtazama kidogo. Halafu uso ule mpana ukafunguka kama kabati. "Chumba kidogo, upande ule. Meza namba tatu, kando ya moto. Yuko Marlene na mbwa wake, lakini mbwa hali sana."

"Basi pai moja. Meza namba tatu."

"Moja?"

"Moja."

"Na yeye?"

"Mpe bia," alisema Ceinwen. "Atakuwa analinda."

Alimpelekea bia yake. Emlyn alimuuliza, "Umeagiza?" naye akajibu, "Nimeagiza," na hilo lilikuwa kweli tupu. Akamwambia anakwenda chooni, kuna foleni, na hilo pia lilikuwa kweli, foleni ilikuwepo, ila yeye aliipita.

Chumba kidogo kilikuwa na meza nne, moto wa makaa, na kidirisha ukutani kilichotazama chumba kikubwa, kile walichokuwa wanapitishia glasi enzi ambazo wanawake walikuwa hawakai na wanaume. Marlene alikuwa mjane wa Cardiff, nywele za rangi ya waridi, na mbwa mzee alikuwa amelalia viatu vyake.

"Kaa, mpenzi. Huyu haumi, hana meno. Umemwacha mume?"

"Yuko meza kumi na nne."

Marlene alichungulia kidirishani. "Yule anayewatolea Waskoti macho? Mungu wangu. Wangu alikuwa anapiga makofi kuita watu. Nilimzika na glavu."

Pai ikaja. Ilikuwa kwenye bakuli lake la udongo, kifuniko kimeumuka, moshi unatoka kwenye tundu la katikati, na chipsi kando, na njegere. Ceinwen alichoma kifuniko kwa uma, kikavunjika kwa sauti. Alikula kipande cha kwanza kikamuunguza ulimi. Akala cha pili. Alipofika cha tano alisimama kidogo na kutazama mlangoni, kwa mazoea. Hakuna aliyekuja. Akaendelea.

Na sasa niseme ukweli, maana pai hiyo imesifiwa mno na watu ambao hawakuila: rojo lilikuwa jepesi. Lilikuwa jepesi kweli. Nyama ilikuwa inaogelea. Mkaguzi angekuwa na haki yake yote. Ceinwen aliliona hilo kwa kijiko cha kwanza, akatia chumvi, akala.

Kule chumba kikubwa Emlyn alikuwa ameanza kuinua kidole. Alimwinulia msichana wa glasi, msichana akapita. Alimwinulia Tegwen, Tegwen akampungia mkono kwa furaha kama mtu aliye kwenye meli. "Ceinwen!" aliita. "Ceinwen! Chakula kiko wapi?" Alijiinua nusu kitini, Waskoti wakasogea hatua, akajikalisha haraka. Akajiinua tena, wakasogea tena. Marlene alikuwa ameinamia meza, mabega yanamtetemeka.

"Anajua kama hujamwagizia?"

"Bado."

"Utamwambia lini?"

"Nikimaliza njegere."

Ndipo timu zikaingia uwanjani. Wimbo wa wageni ukapigwa kwanza, Waskoti wakaunguruma, hayo yakapita. Halafu ukapigwa wetu, na baa nzima ikasimama. Hiyo ndiyo desturi, hata aliyekunywa mpaka amesahau jina lake anasimama. Ceinwen alisimama na uma mkononi. Marlene alisimama, mbwa akafungua jicho moja. Na Emlyn Beynon alisimama, mkono kifuani, kidevu juu, macho kayafumba, kwa sababu Emlyn alikuwa mwimbaji wa sauti ya tatu kwenye kwaya ya kanisa na mwimbaji wa kweli, alisema, haimbi akiwa ameyafumbua.

Ceinwen aliona yote kwenye kile kidirisha. Alimwona Mskoti mmoja mzee, mpana kama mlango wa ghala, akiinua koti la Emlyn kwa adabu, akilikunja vizuri, akiliweka dirishani, na kuketi. Alimwona wa pili akitazama kiti cha Emlyn, akimtazama mwenyewe anavyopaa na wimbo, na kukivuta taratibu kutoka nyuma ya magoti yake. Ceinwen angeweza kupiga kelele. Lakini mdomo ulikuwa umejaa chipsi, na mtu mwenye malezi hasemi akiwa na chakula mdomoni.

Wimbo ukaisha, watu wakashangilia, Emlyn akaketi. Hakukuwa na kitu. Alishika meza kwa mikono miwili, nusura aende chini.

"Hiki ni kiti changu!"

"Ulisimama, baba," alisema Mskoti.

"Nilisimama kwa wimbo wa nchi yangu!"

"Na umeimba vizuri sana. Nimetokwa machozi."

Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. Hakikuwa kile kicheko cha kumsaidia alichozoea. Emlyn alichukua koti, alichukua kofia, akajisukuma katikati ya watu, na kwa mara ya kwanza maishani akafika kaunta. Alisimama hapo na kidole juu, akisubiri mtu aje kumsikiliza. Watu walimpita kulia na kushoto, wakaagiza, wakaondoka, na kidole bado kiko juu.

"Ndiyo, Bwana Rudisha," alisema Tegwen mwishowe. "Meza namba ngapi?"

"Unaniitaje? Sina meza! Nimeagiza pai saa nzima iliyopita!"

"Kumi na nne haikuagiza kitu. Jiko limefungwa."

"Mke wangu yuko wapi?"

Tegwen alielekeza kwa kidevu.

Alimkuta Ceinwen kando ya moto, mashavu mekundu, anapangusa bakuli kwa chipsi ya mwisho mwisho. Kulikuwa bado na ukoko wa pembeni, ule uliolowa, sehemu tamu kuliko zote, ambayo mwanamke huyu alikuwa hajawahi kuifikia.

"Ceinwen. Chakula changu?"

"Sikukuagizia."

"Hukuniagizia! Kwa nini?"

"Ungekirudisha. Nimekupunguzia safari."

Emlyn alimtazama Marlene, Marlene akamtazama mbwa. Halafu macho yakashuka kwenye bakuli, na uso wake ukapata nuru ya kazini. Aliinama, akanusa.

"Hili rojo," alisema, "ni maji. Angalia. Linatiririka. Wamekuuzia maji, Ceinwen, na wewe umekaa hapa unakunywa kama... Lete hapa." Na mkono wake ukaenda kwenye bakuli.

Ceinwen aliinua mkono wake wa kulia, kiganja mbele, vidole vimenyooka, kama alivyokuwa akiuinua njia panda asubuhi za barafu. Hakuutikisa. Aliuweka tu hapo hewani, kati ya mumewe na bakuli.

Na Emlyn akasimama. Hata yeye mwenyewe hakujua kwa nini. Malori pia yalikuwa hayajui.

Akamshikilia hapo, mkono mmoja juu, na kwa mkono wa pili akala ukoko. Alitafuna pole pole. Alikwangua upande wa kushoto wa bakuli, kisha wa kulia, kisha chini, mpaka udongo ukalia. Ndipo akateremsha mkono.

"Sasa unaweza kuvuka," alisema. "Kaunta iko kule. Mimi nataka pudingi ya tofi, ukibahatika kupata. Meza namba tatu."

Alikwenda? Alikwenda. Alisimama kwenye foleni, akamwagiwa bia begani. Tegwen alimtoza, akampa pudingi iliyobaki ya asubuhi, na Emlyn akaibeba juu ya vichwa vya watu kwa mikono miwili, tai imeingia kwenye tofi. Yeye mwenyewe siku ile alikula chipsi za kufungiwa karatasini, mtaani, akiwa amesimama kwenye mvua, na zilikuwa zimekaangwa mara moja tu, lakini chipsi za mtaani hazina jiko la kurudishiwa.

Kwenye treni ya kurudi Rhydaman Emlyn alikwangua tofi kwenye tai yake kwa ukucha. Walikuwa wameshaiacha Swansea aliposhindwa kujizuia.

"Lakini, Ceinwen. Sema kweli tu. Lile rojo."

"Lilikuwa jepesi, Emlyn."

"Nilijua!" Alikaa wima, macho yanang'aa, begi begani. "Si nilisema? Si nilikuambia? Ningelirudisha pale pale!"

"Ndiyo," alisema Ceinwen, akafungua ganda la peremende. "Mimi nililimaliza lote."